Kukabidhi Kitabu cha Hesabu ya Kanisa

Somo kwa makatibu, walinzi wa kanisa, makatekista na wazee wa mitaa ya Mbulu na Hanang

Yasomwe kwanza: Hesabu 1:1-19, Hesabu 20:22-29, Hesabu 26:1-4 na 51-65, Ezra 8:24-34.



Kila mwisho wa mwaka fomu ya takwimu hufika parishini. Huuliza waliobatizwa ni wangapi, watoto na watu wazima, waliopata Kipaimara, waliofunga ndoa, waliozikwa, wanaoshiriki Meza ya Bwana, waliohamia kwetu na waliotuhama. Wengi wetu huiona kuwa kazi ya karatasi tu. Katibu huijaza usiku mmoja kwa mwanga wa taa, kasisi hutia sahihi, nayo huenda zake. Lakini uko mwaka mmoja ambao kazi hii hutaka uangalifu kuliko miaka mingine yote. Ni mwaka ule katibu wa zamani anapoiacha kazi na mpya anapoipokea. Somo letu ni juu ya mwaka huo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili msije mkadhani nafundisha jambo nililolisoma vitabuni tu.

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa mtaa wetu, mzee aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa mgonjwa. Mkewe alinipa kitabu kimefungwa katika kitambaa, pamoja na ufunguo wa sanduku. Nikashukuru, nikaondoka. Sikukaa na yule mzee hata saa moja. Nilijiona kijana niliyesoma, ninayeweza kufuata mwandiko wa mtu yeyote.

Mwezi wa Desemba nilipoanza kujaza fomu, nilikuta majina kadha yametiwa herufi H pembeni. Nikasema moyoni, H ni "amehama". Nikayatoa yote katika orodha ya washiriki. Kati ya hayo lilikuwamo jina la mama mmoja mjane aliyekaa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kwa kuwa hakuwamo tena katika orodha, wazee waliopangiwa kuwatembelea wagonjwa hawakupewa jina lake. Na kasisi alipowapelekea Ushirika Mtakatifu wale wasioweza kufika kanisani, hakupita kwake.

Ulipita mwaka mmoja na zaidi. Siku moja nilikwenda upande ule kutafuta mbegu za viazi, nikapita mlangoni pake. Alikuwa ameketi juani, miguu imevimba. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akaniangalia kwa muda, akaitika, "Marahaba, mwanangu. Je, huko kanisani mmeniandika nimekufa?"

Sikuwa na la kujibu. Jioni ile nilikwenda moja kwa moja kwa mzee aliyenitangulia, ambaye kwa rehema za Mungu alikuwa amepata nafuu. Nikamwuliza maana ya ile H. Akasema, "Hospitali, mwanangu. Hao ni wale waliokwenda hospitali. Niliwatia alama ili tusiwasahau."

Basi alama aliyoiweka ili watu wasisahauliwe, mimi niliitumia kuwafuta. Bibi yule tulimrudisha katika orodha, na kasisi alimwendea wiki ileile. Lakini Jumapili zile zote alizokaa peke yake, hakuna awezaye kumrudishia. Kitabu nilikuwa nimekipokea. Maana ya kitabu sikuipokea. Hilo ndilo neno la somo hili: anayekabidhi takwimu za kanisa hakabidhi tarakimu, anakabidhi watu. Kwa hiyo haitoshi kutoa daftari. Ni lazima kutoa pia maana yake.

1. Kwa nini Kanisa huhesabu watu

Wako Wakristo wanaoogopa kuhesabu. Husema, Daudi aliwahesabu watu na tauni ikaja (2 Samweli 24, 1 Nyakati 21). Tena wazee wengi wa wafugaji hawapendi mtu ahesabu ng'ombe wao, sembuse watoto wao. Hofu hiyo tusiidharau. Daudi alitaka kujua ukubwa wa nguvu zake, hata Yoabu jemadari wake akamwonya. Parishi nayo yaweza kuanguka katika kosa hilo, kama inaongeza idadi ili ionekane kubwa mbele ya jirani.

Lakini iko hesabu nyingine. Mchungaji wa Luka 15 alijua kwamba kondoo mmoja amepotea kwa sababu alijua kwamba jumla yao ni mia. Asiyejua jumla hawezi kumjua aliyepotea. Mtu wa Mbulu au Hanang anayerudisha mifugo zizini jioni hahitaji kufundishwa jambo hilo.

Tena, tusipojihesabu wenyewe hakuna atakayetuhesabu. Sensa ya taifa ya mwaka 1967 iliwauliza watu dini yao. Sensa zilizofuata, za mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, hazikuuliza. Sensa ya Agosti 2022 iliona watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, lakini humo huwezi kujua Wakristo ni wangapi wala Waanglikana ni wangapi. Na sisi Waanglikana katika wilaya hizi mbili ni wachache tukilinganishwa na ndugu zetu Wakatoliki na Walutheri. Kundi dogo lisipoandika habari zake husahauliwa upesi.

Hesabu hizi pia zina kazi ya kila siku. Kwa hizo dayosisi huona ni mtaa gani unahitaji katekista wa pili. Kwa kitabu cha ubatizo kijana aliyekwenda kufanya kazi Arusha hupata barua ya kumwezesha kufunga ndoa huko. Tena mzee asiye na cheti cha kuzaliwa huweza kupata humo ushuhuda wa umri wake.

2. Hesabu mbili jangwani

Sasa tuangalie Maandiko. Kitabu cha Hesabu kina jina hilo kwa sababu watu wa Israeli wamehesabiwa humo mara mbili. Mara ya kwanza ni katika mwaka wa pili baada ya kutoka Misri, nao waliopewa kazi ni Musa na Haruni (sura ya 1). Mara ya pili ni karibu na mwisho wa safari, nao waliopewa kazi ni Musa na Eleazari, mwana wa Haruni (sura ya 26). Kati ya hesabu hizi mbili kazi ilibadili mikono. Tuone mambo manne.

(a) Makabidhiano yalifanyika mapema, tena hadharani. Katika sura ya 20 tunasoma kwamba Musa, Haruni na Eleazari walipanda mlima Hori, mkutano wote ukiwatazama. Haruni alivuliwa mavazi yake ya ukuhani, akavikwa mwanawe, yeye mwenyewe akiwa bado hai. Hakuna aliyebaki kuuliza nani sasa ana kazi. Kwetu mara nyingi mavazi huvuliwa baada ya maziko. Kitabu hutafutwa chini ya kitanda cha marehemu, na wajukuu wamekwisha kuchana kurasa.

(b) Aliyepokea hakuachwa peke yake. Eleazari alipohesabu, Musa aliyehesabu mara ya kwanza alikuwa pembeni yake. Mmoja alikuwa mpya, na mmoja aliikumbuka njia.

(c) Kitabu cha zamani hakikutupwa. Mwisho wa sura ya 26 tunaambiwa kwamba katika wale waliohesabiwa na Musa na Haruni hakubaki hata mmoja, isipokuwa Kalebu na Yoshua. Maneno hayo yasingeweza kuandikwa kama orodha ya kwanza ingalipotea. Katibu mpya anayeanza daftari jipya na kuliacha la zamani liliwe na mchwa amekata kumbukumbu ya kanisa lake.

(d) Jumla peke yake huficha mambo. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 603,550. Ya pili 601,730. Tofauti ni watu 1,820 tu. Mtu akitazama jumla atasema hakuna kilichobadilika. Lakini tazama ndani. Kabila la Simeoni walikuwa 59,300, wakabaki 22,200. Manase walikuwa 32,200, wakawa 52,700. Kabila moja lilipungua kuliko nusu, na lingine lilikua sana. Vivyo hivyo parishi yaweza kupeleka idadi ileile miaka mitatu, kumbe mtaa mmoja unakufa na mwingine unahitaji jengo kubwa zaidi. Kwa hiyo usikabidhi jumla ya parishi tu. Kabidhi hesabu ya kila mtaa.

Tuongeze na mfano wa Ezra 8. Ezra aliwapa makuhani kumi na wawili fedha, dhahabu na vyombo vya hekalu wavipeleke Yerusalemu. Alivipima alipowapa. Walipofika, siku ya nne, vilipimwa tena mbele ya mashahidi waliotajwa kwa majina, na uzito wote ukaandikwa. Ezra hakufanya hivyo kwa kuwadharau makuhani. Aliwalinda, ili mtu asije baadaye akawashuku. Makabidhiano ya kuandikwa humlinda anayetoa na anayepokea.

3. Mfano wa jirani zetu, Nairobi

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya zamani za Biblia tu. Kazi kubwa ya takwimu za makanisa ya dunia nzima ilifanyika karibu nasi, Nairobi, tena na kasisi wa Kianglikana.

David Barrett alizaliwa mwaka 1927 huko Wales. Alisomea uhandisi wa ndege kabla ya kuwa kasisi. Katika miaka ya 1950 chama cha CMS kilimpeleka Kenya, akafanya kazi Nyanza kati ya Wajaluo. Huko aliona makanisa mengi yakijitenga na kuanza upya, akataka kujua ni mangapi na kwa nini. Mwaka 1968 alitoa kitabu juu ya jambo hilo katika Afrika. Kisha akiwa Nairobi alianza kukusanya habari za makanisa ya kila nchi. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1982 ikiwa kitabu kikubwa cha kurasa zaidi ya 1,000, World Christian Encyclopedia.

Baadaye alihamia Richmond, Marekani, na tangu mwaka 1985 alitoa kila Januari jedwali la takwimu za Ukristo duniani katika jarida moja la elimu ya misioni. Sasa tazameni alivyofanya juu ya mrithi. Mwaka 1989 alipata mwenzi wa kazi, Todd Johnson, kijana kuliko yeye. Wakafanya kazi pamoja. Toleo la pili la kile kitabu lilipotoka mwaka 2001 lilikuwa na majina yao wote wawili, pamoja na mhariri mwingine. Mwaka 2003 kazi ilihamia chuo cha theolojia cha Gordon-Conwell, Massachusetts, chini ya Johnson. Barrett alifariki Agosti 2011, na kazi haikusimama. Toleo la tatu lilikuja kutolewa na Johnson pamoja na Gina Zurlo.

Hesabuni miaka: kutoka 1989 hadi 2001 ni miaka kumi na miwili ya kufanya kazi bega kwa bega. Mtaa wetu hauhitaji miaka kumi na miwili. Lakini mwaka mmoja je, hatuwezi?

Tukumbuke na jambo hili. Hesabu za dunia nzima zina mizizi katika hesabu za dayosisi, na za dayosisi katika za parishi, na za parishi katika daftari la mtaa. Katibu wa Endasak au Dongobesh akiandika kwa kukisia, kisio lake litasafiri mbali, na huko mbele hakuna atakayejua kwamba ni kisio.

4. Mambo ya kwetu ambayo daftari halisemi lenyewe

Kila mahali pana mambo ambayo mwenyeji anayajua na hayaandiki, kwa kuwa kwake ni wazi. Kwa katibu mpya si wazi. Katika Mbulu na Hanang ni haya:

Mipaka. Hanang ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu mpaka mwaka 1969. Babati ilitengwa na Hanang mwaka 1985. Mkoa wa Manyara ulitolewa katika Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Basi karatasi ya mwaka 1967 ikisema "Mbulu" haisemi Mbulu ya leo. Upande wa Kanisa nao, mpaka mwaka 1970 tulikuwa katika Jimbo la Afrika Mashariki. Mkoa wa Arusha wa zamani ulikuwa chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika, Dodoma, hata Dayosisi ya Mount Kilimanjaro ilipoanzishwa mwaka 1982. Idadi ikishuka ghafla katika daftari, angalia kwanza kama ni watu waliopungua au ni mpaka uliohama.

Kuhama. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Miaka hiyohiyo mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa upande wa Basotu kwa msaada wa Kanada, na Wabarabaig wengi walipoteza malisho yao. Hata leo vijana hushuka na mifugo wakati wa kiangazi, wakarudi mvua zikinyesha. Je, kijana huyo ni "amehama" au "yuko malishoni"? Daftari lazima liwe na neno kwa kila moja.

Majira. Pasaka huangukia masika. Barabara huharibika, mito hujaa, na walio mbali hawafiki. Ukihesabu mahudhurio siku ya Pasaka mwaka huu, na mwakani mwenzako akahesabu Jumapili ya Agosti baada ya mavuno, kanisa litaonekana limekua, kumbe ni jua tu limewaka.

Majina. Mtu mmoja huandikwa kwa jina la ubatizo, kwa jina la baba, au kwa jina la ukoo. Tena sauti za Kiiraqw na Kibarabaig huandikwa kwa namna nyingi na watu waliozoea tahajia ya Kiswahili. Mtu mmoja aweza kuwa watatu katika daftari, na watu watatu wakawa mmoja.

Msiba. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa na wengi walipoteza nyumba. Siku kama hiyo swali la kwanza la mchungaji si "tulikuwa wangapi?" Ni "fulani yuko wapi?" Orodha yenye majina na mahali pa kila nyumba huweza kujibu. Idadi tupu haiwezi. Na kama orodha ni moja tu, nayo imo katika nyumba iliyochukuliwa na maji, haipo tena.

5. Hatua za makabidhiano

Basi tufanye nini? Naleta hatua saba ambazo hata mtaa mdogo waweza kuzifuata.

Kwanza, katibu atoe taarifa mapema. Anayetaka kupumzika aseme mwezi Januari, siyo Novemba. Halmashauri ya parishi imchague mrithi mapema, naye awe mtu mwaminifu na mtunza siri.

Pili, wahesabu pamoja mwaka mzima. Kwa miezi sita ya kwanza mzee aandike na kijana aangalie. Kwa miezi sita ya mwisho kijana aandike na mzee aangalie. Fomu ya Desemba waijaze wote wawili kwenye meza moja.

Tatu, iandikwe orodha ya vitu. Kitabu cha ubatizo, cha Kipaimara, cha ndoa, cha maziko, cha ibada, orodha ya waumini, nakala za fomu zilizopita, mihuri na funguo. Kila kitabu kiandikwe kinaanza mwaka gani na kuishia mwaka gani. Kilichopotea kiandikwe kwamba kimepotea. Usione haya, aibu ya leo ni ndogo kuliko uongo wa miaka ishirini.

Nne, ziandikwe maana za alama. Ukurasa wa kwanza wa daftari uonyeshe kila alama na kifupisho. Ninyi mnajua kwa nini nalisisitiza hili. Tena ziandikwe kanuni: tunamhesabu nani kuwa mshiriki? Aliyeshiriki mara moja kwa mwaka, au tatu? Mtoto asiyebatizwa wa wazazi Wakristo huandikwa wapi? Mahudhurio huhesabiwa Jumapili zipi?

Tano, watembee pamoja. Mzee ampeleke kijana katika kila mtaa, amjulishe kwa wazee na makatekista, na hasa kwa wale wakaao mbali na wasiofika kanisani. Hatua hii ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo ingaliniokoa mimi.

Sita, hati ya makabidhiano itiwe sahihi mbele ya kasisi na walinzi wa kanisa, nakala tatu: moja ya anayetoa, moja ya anayepokea, moja ya sanduku la parishi. Kisha Jumapili moja ibadani wote wawili wasimame mbele ya watu, waombewe. Kama mkutano ulivyomwona Eleazari, nasi tumwone wetu.

Saba, zitunzwe nakala. Siku hizi wengi wana simu zenye kamera. Kurasa zipigwe picha na kuhifadhiwa mahali pawili. Lakini majina ya waumini yasirushwe ovyo katika makundi ya simu. Habari za ndoa ya mtu, za ugonjwa wake au za kurudishwa kwake kundini ni amana. Tena nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

6. Neno kwa wote wawili

Kwako mzee unayekabidhi: najua si rahisi. Kitabu hiki umekibeba mvua na jua, hukulipwa, na mara nyingi hukushukuriwa. Kukitoa ni kama kutoa sehemu ya maisha yako. Usikishike mpaka mkono uishe nguvu. Wala usifiche udhaifu wake. Kama kuna miaka ulinakili idadi ya mwaka uliotangulia kwa sababu ulikuwa na msiba nyumbani, mwambie mwenzako miaka hiyo ni ipi. Atakuheshimu zaidi.

Kwako kijana unayepokea: usianze kwa kucheka mwandiko wa aliyekutangulia. Uliza. Uliza tena. Ukiona idadi imeshuka katika fomu yako ya kwanza kwa sababu umehesabu kwa kweli, usiogope, wala usiseme kwamba mzee alidanganya. Andika chini ya fomu: namna ya kuhesabu imebadilika mwaka huu, kwa sababu hii na hii. Tena usifute jina la mtu yeyote kabla hujafika mlangoni pake au kumwuliza jirani yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika parishi yetu vitabu viko wapi sasa, na nani ana ufunguo? Kama mtu huyo angeitwa na Mungu usiku huu, nani angejua?
2. Soma Hesabu 26:51-65. Hesabu ya pili ilitegemeaje hesabu ya kwanza?
3. Ni alama gani katika daftari letu ambazo ni mtu mmoja tu anayezijua maana yake?
4. Tajeni mitaa yetu mmoja mmoja. Ni upi umefanana na Simeoni, na ni upi umefanana na Manase? Tufanye nini kwa kila mmoja?
5. Yuko nani ambaye jina lake limetoka katika orodha, wala hakuna aliyekwenda kumwangalia?

Swali la tano lisiishie katika mazungumzo. Kabla ya mkutano unaofuata, watu wawili watumwe kwenda.

Sala

Ee Bwana Yesu, Mchungaji mwema, wewe wawajua walio wako mmoja mmoja, wa milimani na wa mabondeni. Uwasamehe watumishi wako ambao kwa haraka au kiburi wamempoteza hata mmoja. Uwape amani wanaoiacha kazi, na unyenyekevu wanaoipokea, ili asisahauliwe mtu uliyemfia. Amina.